Mume wako yuko wapi? Swali hili liliulizwa tangu enzi za Malkia Victoria

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na nikizidisha urefu unisamehe maana hili jambo limenikaa kooni tangu Jumapili iliyopita. Kuna kaka mmoja, msomaji mwenzetu, aliandika kulalamikia mabinti wa siku hizi wanaopanda ndege peke yao kwenda Dubai, China na Uturuki na wakati hawana hata mume, akasema kizazi kimeharibiwa na simu, halafu ili kutumaliza kabisa akasema hata Wazungu wenyewe enzi za Malkia Victoria walikuwa na adabu zao, binti ambaye hajaolewa anakaa kwao mpaka ije posa, na akamtaja na Bi Salme, binti wa Sultani wa Unguja aliyekimbilia Ujerumani, kwamba yeye angalau alimfuata mume.

Sasa mimi ndo mmoja wa hao walioharibika. Nina miaka 43, sijaolewa, nina fremu ya mapazia na mashuka hapa Kariakoo, Guangzhou nimeenda mara 9 na Istanbul mara 4, kote huko naenda na begi langu na kalkuleta yangu. Sina ugomvi na kaka yetu, anaonekana mtu mwenye nia njema tu, ila kwa huyo Malkia Victoria amechanganya mafaili, na kwa Bi Salme ndo kachanganya zaidi.

Nianze na Wazungu. Victoria alikaa kwenye kiti kuanzia 1837 mpaka alipofariki 1901, na ni kweli binti wa familia yenye uwezo London alikuwa hatoki hivihivi, lazima awe na mama, shangazi au mtu wa kumsindikiza, hilo sipingi. Lakini kaka hakusema upande wa pili. Sensa yao ya 1851 ilionyesha wanawake ni wengi kuliko wanaume kwa zaidi ya nusu milioni, wakubwa wakaingiwa na kiwewe, hawa wote nani atawaoa? Mwaka 1862 bwana mmoja anaitwa W. R. Greg akaandika makala kuwaita kabisa wanawake wa ziada, yaani kama mzigo uliobaki stoo, na dawa aliyotoa ni kwamba wapakiwe kwenye meli wapelekwe makoloni ambako wanaume wamejaa na wake hakuna. Na mwaka huohuo wanawake wenyewe wakaanzisha chama cha kuwasaidia mabinti waliosoma kwenda Australia, New Zealand na kwingineko kutafuta kazi ya kufundisha watoto wa watu. Kwa hiyo binti kuvuka bahari bila mume lilikuwa jambo linajulikana sana, tena linapigiwa debe. Alimradi aende kuolewa au kulea. Ile ya kwenda kwa shughuli zako mwenyewe, kwa pesa yako mwenyewe, hapo ndo maneno yalikuwa yanaanza.

Na kwenye pesa kuna kichekesho. Kwa sheria za England kabla ya mwaka 1882, mwanamke akishaolewa kwa kawaida mali yake na mshahara wake vinaingia mikononi mwa mume, yeye mwenyewe hawezi hata kuandikishana mkataba kwa jina lake, ndo ikaja sheria ya 1882 ikabadilisha (walianza kupunguza kidogo 1870). Ila yule ambaye hajaolewa, akishafikisha umri, pesa yake ni yake na mkataba anasaini. Kwa hiyo aliyekuwa na uwezo wa kwenda kwa ejenti wa meli akalipa nauli bila kumwomba mtu ni huyohuyo wanayemwonea huruma kwamba kakosa mume.

Basi mwaka huohuo 1862, mwezi wa 10, akazaliwa London mtoto anaitwa Mary Kingsley, na huyu ndo aliyenifanya niandike barua hii.

Nilimjua kwa bahati tu. Nilikwama Addis Ababa nasubiri ndege ya kuunganisha masaa 7, mpwa wangu anayesoma chuo alikuwa amenirushia kitabu kwenye simu, cha bure maana mwenyewe alishakufa zamani, kinaitwa Travels in West Africa, kimetoka 1897. Kiingereza chake kigumu jamani, sentensi inaanzia huku inaishia kule kama hizi zangu, lakini nilicheka peke yangu pale kwenye kiti mpaka mama mmoja akachukua mfuko wake akahamia mbali.

Baba yake Mary alikuwa daktari wa kusafiri na matajiri, leo Amerika kesho visiwani huko, nyumbani anaonekana kwa msimu kama embe. Mama yake mgonjwa wa kitandani. Mary shule hakupelekwa, alijisomea mwenyewe kwenye maktaba ya baba, na elimu pekee aliyowahi kulipiwa ni masomo ya Kijerumani, hayo nayo yalikuwa ili amsaidie baba kazi zake za kusoma na kutafsiri. Kaka yake, maana alikuwa na mdogo wake wa kiume mmoja, alisomeshwa kwa pauni 2,000, pesa ya kutisha wakati huo, akaenda mpaka Cambridge. Mary baadae aliandika kwamba anatumaini pesa ile haikupotea bure. Ukisoma vizuri unaona kabisa aliiandika huku kakunja mdomo upande mmoja.

Hapo nilizima simu nikakaa kidogo.

Maana Mhariri, mama yangu alipata kiharusi 2008. Tulikuwa watoto 5, na hakukuwa na kikao chochote cha familia cha kuamua nani abaki na mama, jibu lilikuwepo tayari, abaki yule ambaye hana mume. Wale wenye waume wana majumba yao, kaka zetu wana kazi zao, mimi je, mimi nina nini? Nikabaki. Miaka 7. Usiku namgeuza kila baada ya masaa mawili ubavu usije ukatoka vidonda, uji namnywesha kwa kijiko cha chai kwa sababu kijiko kikubwa kinampalia, na ile plastiki ya chini ya shuka mpaka leo nikisikia mtu anakunja nailoni moyo unashtuka. Simlaumu mama, Mungu amrehemu, ningerudia tena. Ila wakati ule mtu akiniuliza kwa nini hutoki hata kwenda Zanzibar mara moja, ndugu zangu walikuwa wananijibia, anamsubiri mume. Mume gani? Nilikuwa nasubiri zamu yangu ya kulala. Pasi yangu ya kwanza ya kusafiria niliipata nikiwa na miaka 34, baada ya arobaini ya mama kupita.

Ndo maana nikisoma kwamba baba yake Mary alifariki Februari 1892 na mama yake akafuata Aprili mwaka huohuo, na yeye ana miaka 29, najua kabisa kilichotokea kichwani mwake. Huzuni, halafu kimya, halafu unaamka asubuhi hakuna anayekuita. Na hata hapo hakuwa huru moja kwa moja, maana kaka yake hajaoa na nyumba inahitaji mtu, akawa anamtunzia nyumba, akaja kuondoka kaka alipofunga safari zake kwenda Asia. Agosti 1893 akapanda meli ya mizigo Liverpool kuelekea Afrika Magharibi, kavaa nguo nyeusi za msiba, na nguo hizo hakuzivua safari zote.

Mimi kilichonikosha sio mamba wala sokwe, ni kwamba alienda kama mfanyabiashara. Kisingizio alikuwa nacho cha kukusanya samaki na kujua dini za watu, na samaki kweli alikusanya, akawa anawaweka kwenye mitungi ya spiriti anawapeleka jumba la makumbusho la London, aina 3 za samaki zikapewa jina lake. Ila kwenye vijiji alikuwa anaingia na vitambaa, tumbaku na ndoano za kuvulia, anabadilishana na mpira na meno ya tembo, na sababu alizotoa ni zilezile ningekupa mimi. Mtu akija kijijini kwako mikono mitupu anatazama tazama, utajiuliza huyu kafuata nini. Akija na bidhaa mnaelewana. Anajulikana anataka nini, anapata pa kulala, mnagombana bei, kesho yake anasindikizwa kijiji cha pili. Guangzhou ni hivyohivyo, ukiingia kwenye lile soko la vitambaa hujui Kichina hata neno, shika ncha ya kitambaa isugue kwa vidole viwili, mwenye duka ataleta kiti na kalkuleta.

Kuna mahali bidhaa zikamwishia kule kwa Wafang, Gabon, akaanza kuuza blauzi zake mwenyewe. Na zikaenda! Anasema kuna shujaa mmoja aliivaa ile blauzi nyeupe ya kike pamoja na rangi nyekundu mwilini na mikia ya chui na hakuna nguo nyingine, na mwenyewe Mary anaona haikumpendeza hata kidogo. Nilicheka hapo mpaka machozi, maana kila mfanyabiashara anajua ile siku umeuza mpaka pazia la dirisha lako.

Turudi kwenye swali la mume. Kila alipopita alikuwa anaulizwa, mume wako yuko wapi? Sio je una mume, yuko wapi. Akajifunza kwamba ukijibu sina, umekwisha, linafuata swali baya kuliko la kwanza, na la tatu baya zaidi. Akatoa ushauri kwa wanawake wengine kwamba jibu sahihi ni kusema unamtafuta, halafu unyooshe kidole kule unakotaka kwenda. Watu wanakuonea huruma na wanakusaidia njia.

Mhariri, mimi kwenye uwanja mmoja wa ndege, siutaji, kijana aliyeshika pasi yangu, umri wa mpwa wangu, aliniuliza unasafiri na nani, nikasema peke yangu, akaniuliza mumeo anajua? Nikamwambia sina. Akaniangalia, akaangalia pasi, akaniita pembeni nikakaa dakika 40 kwenye benchi wakati wanaume watatu tuliokuja nao kwenye mzigo mmoja walishapita wananisubiri ng'ambo. Safari iliyofuata nikamkumbuka Mary. Nikaulizwa, nikajibu, mume wangu nimemfuata, yuko Guangzhou huko. Muhuri. Dakika moja haikuisha. Najua nimedanganya na sijivunii sana, naandika ilivyokuwa.

Safari yake ya pili ndo kubwa, aliondoka Desemba 1894 akarudi mwisho wa Novemba 1895. Alipita Calabar akakutana na Mary Slessor, Mskochi, mmisionari, naye hajaolewa, anaishi kijijini na watoto aliowaokota. Kisha Gabon akapanda mto Ogowe kwa mtumbwi akaingia msitu wa Wafang. Humo ndo alitumbukia kwenye shimo la kutegea wanyama, chini kumesimamishwa miti ya mpingo iliyochongwa ncha, urefu kama futi moja moja, na akajikuta amekaa juu ya zile ncha mzima kabisa kwa sababu ya ile sketi yake nene ndefu iliyojikusanya chini yake. Akaandika kwamba angewasikiliza waliomshauri England avae suruali angekuwa ameshatobolewa. Mimi kama muuza vitambaa nasema hiyo ni sufu nzito, kitambaa chepesi hakiwezi kufanya kazi hiyo. Mamba naye alipoweka miguu kwenye tezi la mtumbwi akampiga kasia la pua. Septemba 1895 akapanda Mlima Cameroon, zaidi ya mita 4,000, mvua inapiga, wenzake wakaishia njiani mmoja mmoja, akafika kileleni, ukungu hakuona chochote, akaacha kadi yake ya jina kwenye mawe akashuka.

Hapo nataka niweke neno dogo maana naona watu wakiandika habari zake wanasema alisafiri peke yake. Peke yake vipi? Kasia nani alikuwa anapiga? Kwenye kitabu wapo wanaume wa Kiafrika waliomvusha msitu, baadhi amewabandika majina ya utani kwa nguo zao, mmoja Shati la Kijivu, mwingine Singlendi, na hao ndo waliokuwa wanajua njia, wanajua mto una mamba wapi, na wanaongea na wenyeji. Peke yake maana yake ni hakuna Mzungu mwenzake. Yeye mwenyewe hakuficha hilo. Aliporudi England gazeti moja la London likamwita mwanamke wa kisasa, akakasirika akamwandikia mhariri kwamba hakufanya jambo lolote bila msaada wa wanaume.

Na nisimpake mafuta, alikuwa na mambo yake. Kura kwa wanawake alikuwa haitaki. Aliamini Waingereza wana haki ya kuwa Afrika ila kwa biashara na sio kwa makelele ya wamisionari, na Mwafrika alimwona ni mtu wa aina nyingine tofauti na yeye. Upande mwingine alitetea ndoa za wake wengi mbele ya watu wa kanisa, na 1898 Waingereza walipoweka kodi ya vibanda Sierra Leone watu wakainuka, yeye alisimama London akasema kodi hiyo ni makosa, mtu kulipia nyumba yake mwenyewe ni kama kuambiwa sio yake tena. Mtu mmoja, mambo yote hayo.

Sasa kaka yetu aliyeandika barua asidhani ni wa kwanza. Mwezi wa 5 mwaka 1893, miezi mitatu tu kabla Mary hajapanda meli, bwana mkubwa mmoja George Curzon, baadae akawa mtawala wa India, aliandika barua kwa mhariri wa gazeti la The Times kuhusu chama cha jiografia cha kifalme kule London ambacho kilikuwa kimeanza kupokea wanawake, walishaingia 22. Akasema wanawake kwa maumbile yao na malezi yao hawafai kwa uchunguzi wa nchi, na hao wanawake wanaozunguka dunia ni moja ya mambo ya kutisha ya mwisho wa karne. Mlango ukafungwa. Wale 22 wakabaki, wengine hakuna kuingia. Ukaja kufunguliwa 1913, miaka 20 baadae, na rais wa chama wakati huo unajua nani? Curzon huyohuyo, safari hii yuko upande wa wanaounga mkono. Mary alikuwa ameshakufa miaka 13.

Hakuwa peke yake kwenye hali ile, na ukiwaangalia wenzake unaona kitu kilekile kinajirudia. Marianne North, mchora maua, hakuolewa, alikaa na baba yake mpaka baba akafa 1869 yeye anakaribia 40, ndo akaanza, Jamaika, Brazil, Japani, Borneo, India, mpaka Shelisheli hapa bahari yetu alifika 1883, picha zake zaidi ya 800 zina jengo lake pale bustani ya mimea ya Kew, London. Isabella Bird, mtoto wa mchungaji, akiwa nyumbani mgongo unauma hawezi kuinuka kochini, madaktari wanamwandikia hewa ya bahari, akifika milima ya Marekani mwaka 1873 anaendesha farasi kwenye theluji siku nzima, akirudi nyumbani mgongo unarudi. Aliolewa 1881 akiwa na miaka 49, baada ya miaka mitano mume akafa, akaanza safari tena. Wote hawa waliokuwa wanawashika hawakuwa wanawalinda na simba. Walikuwa wanahitaji mtu wa kupeleka chai juu.

Mary mwenyewe baada ya yote yale alirudi kumtunzia nyumba kaka yake. Mwanamke aliyempiga mamba, akisubiri kaka aseme anasafiri lini ili na yeye apange. Machi 1900 akaenda Afrika Kusini wakati wa vita ya Waingereza na Makaburu, akapangiwa kuuguza kwenye hospitali ya wafungwa wa Kikaburu pale Simon's Town, homa ya tumbo imejaa, ikamshika na yeye, akafa tarehe 3 Juni 1900 ana miaka 37. Aliomba azikwe baharini. Inasimuliwa kwamba jeneza halikuzama, likaelea, mpaka wakaliongezea nanga.

Haya, Bi Salme. Hapa ndo namwomba Mhariri uchukue kalamu.

Sayyida Salme binti Said alizaliwa Mtoni, Unguja, Agosti 1844, baba yake Seyyid Said, mama yake Jilfidan. Kuandika alijifundisha mwenyewe kwa siri, anaiga herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu watoto wa kike walifundishwa kusoma tu. Akapendana na jirani yake Mjerumani Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, akapata mimba. Agosti 1866, hajafika hata miaka 22, akaingia usiku kwenye manowari ya Kiingereza Highflyer, mke wa daktari aliyekuwa anashika nafasi ya balozi wa Uingereza akiwa amemsaidia, na inasimuliwa kwamba alichagua siku za sherehe ya Mwaka ambapo wanawake wanateremka pwani kuoga, hakuna atakayeuliza bibi unaenda wapi na baharini usiku huu. Ruete alibaki Unguja anamalizia mambo ya biashara yake. Kwa hiyo Salme aliondoka bila mume, hakuna mume aliyemtangulia wala kumsindikiza. Alikaa Aden miezi 9, akajifungua huko Desemba 1866, na Ruete alipofika ndo wakafunga ndoa, tarehe 30 Mei 1867, siku hiyohiyo akabatizwa akaitwa Emily. Yule mtoto alikufa njiani, Ufaransa, wakielekea Hamburg. Na miaka mitatu baadae, 1870, mume akagongwa na tramu ya farasi akafa, bibi akabaki na watoto watatu wadogo kwenye baridi ile. Akaishi mpaka 1924, na kaburini Hamburg aliwekewa mchanga wa Unguja aliokuwa anautunza.

Kwa hiyo ukiandika alimfuata mume unamtoa kwenye ile meli. Na ile meli ndo alikuwa ndani yake, miezi mitano ya mimba, lugha ya mabaharia haijui.

Pwani yetu enzi hizo ilishaona wengine pia. Mbweni pale Unguja alikuja Miss Caroline Thackeray mwaka 1877 kuongoza shule ya mabinti waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, hakuolewa, akazeeka palepale akafa palepale 1926. Na 1891 kuna Mmarekani, May French Sheldon, huyu mume alikuwa naye ila alimwacha Ulaya, akaja kuchukua wapagazi zaidi ya mia Zanzibar na Mombasa akaenda nao Kilimanjaro mpaka ziwa Chala, amebebwa kwenye kiti cha matete, na kwenye sanduku ana gauni la sherehe na wigi la kimanjano la kuwavalia machifu. Wapagazi wetu wakakaa wakafikiri wamwiteje mwanamke anayetoa amri na hana bwana pembeni, wakamwita Bibi Bwana. Hilo jina nalipenda. Pale bandarini vijana wa kupakua kontena wananiita Mama Mzigo, sio mbaya, lakini ningeambiwa nichague ningechukua lile.

Kwa hiyo Mhariri naomba msahihishe tu kwenye toleo lijalo, Salme aliondoka Agosti 1866, ndoa Mei 1867. Na kaka yetu akipita Kariakoo aje dukani, sina kinyongo, mzigo mpya wa mapazia unafika mwezi ujao, aje na shemeji achague mwenyewe rangi, bei tutaelewana.

Mimi msomaji wako, jina kapuni,
Kariakoo, Dar es Salaam